Kiboksi Kilichomsingizia Nesi

Mama yangu hajui ninafanya kazi gani, ila anajua kuieleza. Kule kwetu Isansa, wenzake wa kwaya wakimuuliza, hujibu bila kusita: "Huyu binti yangu anatengeneza madereva." Na kwa kuwa kila ukoo wa huku una angalau mtu mmoja kwenye foleni ya malori pale Tunduma, jibu hilo halimshangazi mtu. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuniita pembeni akaniomba nimtengenezee mwanawe, maana leseni anayo ila pombe haimwachi. Nikamweleza kwamba draiva ninayoandika mimi si mtu. Ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa chake, inapeleka amri na kurudisha majibu. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Basi hata huyo wa programu, mwambie asinywe."

Jambo la pili mnalopaswa kulijua ni kwamba nina hasira za karibu. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani zangu wa Vwawa, ambao wamenisikia nikigombana na kompyuta mchana kweupe, dirisha likiwa wazi, mpaka mmoja wao akaja kubisha hodi kuamulia ugomvi. Alikuta niko peke yangu. Akaomba chumvi, akaondoka.

Sasa tuje kwenye kiboksi. Tulikuwa wanne kwenye kijikampuni chetu, na tulitengeneza kiboksi chenye ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Kinakaa juu ya jokofu la chanjo. Kina waya mwembamba unaoingia ndani ya jokofu kupima baridi, na kila dakika kinaandika kipimo hicho kwenye memori kadi. Kina pia laini ya simu, kwa ajili ya kupata saa sahihi na kutuma ripoti. Draiva ya hiyo memori kadi niliiandika mimi, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu zile zilizo tayari zilikuwa kubwa mno kwa ubongo wa kile kiboksi. Nilijivunia draiva ile kupita kiasi. Tulifunga viboksi Mbozi, tukafunga Ileje mpaka huko juu Ibaba kwenye ukungu, na kote vikaandika bila kukosa dakika moja.

Kisha tukafunga kimoja Tunduma, kwenye kituo cha afya kilicho karibu kabisa na mpaka. Wiki chache baadaye mganga mfawidhi, yaani bosi wa kituo, akanipigia simu kwa sauti ya mtu mwenye habari njema.

"Fundi, kiboksi chako kimemkamata mtu!"

Akanieleza. Kuna nesi mmoja wa chanjo, mama mtu mzima, miaka yake kazini ni mingi kuliko umri wangu. Siku zote za zamu yake ya asubuhi, ripoti inaonyesha pengo kuanzia saa mbili na dakika arobaini hivi mpaka saa sita mchana. Hakuna kipimo hata kimoja. Zamu za wenzake hakuna pengo. Kwa hiyo ama anazima jokofu ili achomeke vitu vyake, ama anakichezea kiboksi ili asionekane anachofanya. Ameshapewa barua ya kujieleza, ana siku kumi na nne za kujibu. Asipoeleweka anaondolewa kwenye chanjo na jalada lake linapelekwa juu, na amebakiza miaka miwili tu astaafu. Mimi nilitakiwa nifike, nikague, niandike kwamba kiboksi ni kizima.

Nami nilifurahi. Naliandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijiona nimetengeneza askari. Niliwapigia wenzangu watatu nikawaambia kiboksi chetu kimeshika mtu Tunduma, tukacheka.

Nilipofika nilimkuta yule nesi amekaa kwenye chumba cha chanjo, gauni lake jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, anapanga vichupa. Ni mtu wa Ileje, anaivuta sentensi mwishoni kama wanavyoivuta watu wa kule milimani. Nilitegemea nikute mtu mwenye kiburi au mwenye machozi. Wala.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye hiki kiboksi?"

"Ndiyo mimi."

"Karibu kiti. Umekunywa chai?" Kisha akakitazama kiboksi kwa upole, juu ya jokofu. "Mimi nacho tunaelewana vizuri tu. Nakifuta kila zamu yangu."

Nikafungua jokofu: baridi iko sawasawa. Nikachomeka kompyuta yangu kwenye kiboksi nikasoma kumbukumbu za draiva. Hapo nikakuta maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: *Kadi haijibu. Muda umekwisha. Kadi imefungwa.*

Hapa lazima nieleze kitu kimoja, na sitawachosha. Draiva ikiiambia kadi "andika", kadi haimalizi papo hapo. Husema, kwa lugha yao, "nakuja". Na nyinyi mnaijua "nakuja" yetu. Mtu ananyanyuka, anachukua kofia, anakupa mgongo, anatokomea zake, na huku anakwambia "nakuja". Ukiamua kumsubiri, shauri yako. Kwa hiyo draiva yenye akili hupewa kikomo: subiri muda fulani, jibu lisipokuja, hesabu kwamba mwenzako hayupo. Yangu niliipa sekunde tano. Na kwa kuwa niliiumba kwa tabia zangu, niliiongezea ukali. Ikishaamua kwamba kadi imekufa, inaifungia mlango, haiandiki tena chochote mpaka kiboksi kijizime na kujiwasha chenyewe, jambo ambalo hufanyika saa sita mchana na saa sita usiku. Nilidhani ukali ndio uhodari.

Basi jokofu halikuzimwa. Kiboksi ndicho kilichoacha kuandika. Nilimwambia mganga mfawidhi hivyo, nikidhani nimemwokoa mama wa watu.

"Sawa," akasema, "sasa mbona kadi inakufa kwenye zamu yake tu? Si anaichezea?"

Na mimi nikaanza kuamini hivyohivyo. Nikarudi kwa nesi, nimekunja uso.

"Mama, huwa unaichomoa kadi?"

"Kadi huwa anakuja nayo mama wa mtoto, mwanangu. Namjazia namrudishia."

"Si kadi ya kliniki, Mama! Kadi ya humu ndani ya kiboksi!"

"Kumbe nacho kina kadi?" akasema, akakitazama upya. "Kinachanjwa wapi?"

Nilishindwa kujua kama ananitania au anauliza kwa dhati. Mpaka leo sina hakika. Nilibadilisha kadi, nikaweka mpya niliyoijaribu nyumbani, nikamwambia mganga mfawidhi asubiri kidogo kabla sijaandika chochote. Na kabla sijaondoka nikamgeukia nesi, nikamwambia kwa sauti ambayo mama yangu angeisikia angenizaba kibao: "Mama, kuanzia leo andika kila kitu unachokigusa humu ndani. Na saa yake."

"Sawa, mwanangu," akasema. Akachukua daftari la mazoezi kwenye droo, akaandika tarehe.

Zamu yake iliyofuata, pengo. Saa mbili na dakika arobaini mpaka saa sita, hata na kadi mpya.

Nikasema basi tatizo ni subira. Huenda kuna kitu pale kinaichelewesha kadi, labda umeme wa Tunduma unashuka asubuhi malori yanapoamka na mashine za kusaga zinapowashwa. Nikaongeza kikomo kutoka sekunde tano hadi thelathini, nikatuma programu mpya kwa laini ya simu nikiwa hapohapo Vwawa. Pengo. Nikaongeza hadi dakika mbili. Dakika mbili! Kwa memori kadi hiyo si subira tena, ni likizo. Zamu iliyofuata, pengo, palepale, na ujumbe uleule: muda umekwisha. Niliipigia kelele kompyuta mpaka nikakohoa. Jirani wa chumvi hakuja tena, nadhani alikuwa ameshazoea.

Nikachukua kiboksi pacha, nikakiweka kwenye meza yangu ya kibarazani Vwawa. Nikakianika juani. Nikakiweka ndani ya friji la mwenye nyumba, pamoja na maziwa yake. Nikakitikisa. Mama alikuwa amekuja kunitembelea na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye ngazi ananitazama ninavyokichomoa umeme na kukirudishia, mara kumi, mara ishirini, huku nakitukana.

"Sasa dereva mwenyewe anakosea nini?" akauliza.

"Anasema amesubiri sana, Mama, wakati hajasubiri."

"Kama wewe tu," akasema, akaendelea kumenya ndizi yake.

Siku tano kiboksi pacha kiliandika kila dakika, hakikuruka hata moja. Hapo ndipo mtu anapoanza kuamini ubaya wa wengine. Kama kiboksi ni kizima Vwawa na kinaumwa Tunduma, na kinaumwa kwenye mikono ya mtu mmoja tu, basi mkosaji ni yule mtu. Nilianza hata kuandika ile barua ya kuthibitisha. Niliandika mistari miwili: kifaa kimekaguliwa, kifaa hakina kasoro. Nikaiacha, si kwa huruma bali kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa bado sijajua *jinsi* anavyofanya, na kushindwa kujua kulinikereketa kuliko kitu kingine chochote.

Zilikuwa zimebaki siku mbili za zile kumi na nne. Asubuhi nikateremka Tunduma tena, siku ya zamu yake, nikakaa kwenye kiti chumbani mwake kama polisi. Ikafika saa mbili na nusu ikapita. Yule mama akafanya kazi zake kana kwamba mimi ni pazia. Akaandika vipimo, akapanga barafu. Kisha akachukua kitambaa na ndoo ya maji ya dawa, akanyanyua kiboksi juu ya jokofu kwa mikono miwili, taratibu, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Waya ulikuwa mrefu, ukafika. Akaandika kwenye daftari. Akaanza kufuta jokofu, juu, ubavuni, nyuma mpaka kule kwenye waya za kupoza ambako hakuna nesi mwingine duniani anayefuta.

"Mama, hicho huwa unakiweka hapo kila siku?"

"Siku zote. Nisifute chini yake? Vumbi la malori hili, mwanangu, ukiliacha siku mbili unaweza kupanda mahindi."

"Wenzako hawafuti?"

Akakamua kitambaa kwenye ndoo. Hakuwa mtu wa kusema wenzake. "Wenzangu ni vijana," akasema.

Alipomaliza akakikausha kiboksi nacho, akakirudisha mahali pake, akaandika tena. Nikachungulia kompyuta. Dakika ileile alipokirudisha: *Muda umekwisha. Kadi imefungwa.* Niliona kwa macho yangu kwamba hakugusa kitufe, hakuvuta waya, hakufanya lolote zaidi ya usafi.

"Naomba hilo daftari."

Akanipa. Mwandiko wa duara, wa watu waliosomeshwa zamani. Leo: *2:41 nimekihamishia dirishani. 3:04 nimekirudisha.* Nikageuza kurasa. Zamu zote, hivyohivyo. Sasa, mpaka siku ile nilikuwa nasoma ripoti tu, na ripoti yangu huipanga mistari kufuata saa, kwa unadhifu. Safari hii nikafungua faili lenyewe, jinsi kiboksi kilivyoliandika mstari kwa mstari. Kiboksi hakihesabu saa zetu za Kiswahili, kinahesabu zile za kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili na dakika arobaini na moja kwake ni 08:41. Nikaiona: 08:40, 08:41. Mstari unaofuata, 07:42.

Nikapangusa kioo cha kompyuta kwa kidole. 07:42. Halafu 07:43, 07:44, ikaenda hivyo mpaka 08:04, na baada ya hapo kimya. Nikatazama daftari: saa tatu na dakika nne.

"Mama," nikasema, "hii saa yako ya mkononi iko mbele saa nzima."

Alikasirika. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika. "Saa yangu? Saa yangu naifuatisha na redio, taarifa ya habari, kila asubuhi! Hebu lete nione." Akainama kwenye kompyuta yangu, miwani puani, akasoma kwa kidole. Akanyanyuka, amepoa kabisa. "Aa. Hiyo ni saa ya Zambia."

"Nini?"

"Saa ya Zambia. Wao wako nyuma yetu saa moja. Hata simu yangu nikiiweka pale dirishani inanasa mtandao wa Nakonde, pale ng'ambo ya mpaka, inakuwa Mzambia. Nikirudi huku ndani inakuwa Mtanzania. Si ndiyo maana hapa Tunduma mtu akikwambia tukutane saa nne lazima umuulize, saa nne ya wapi?"

Nilikaa chini. Kiti kilikuwa nyuma yangu, namshukuru Mungu, maana sikukitafuta. Mimi ni mtoto wa mkoa huu! Nimeulizwa "saa nne ya wapi" tangu nikiwa na miaka sita, nimekuja na mama kuuza parachichi. Nimeulizwa na wauza vitenge, na wabadilisha fedha, na Wabemba wanaokuja kununua mchele, mara ngapi sijui. Kila mtu Tunduma analijua jambo hili, mpaka mbuzi. Na mimi nikaandika draiva kana kwamba dunia nzima ina saa moja.

Kilichotokea ni hiki. Ile laini tuliyoiweka inakubali mtandao wowote wenye nguvu. Kiboksi kilipofika dirishani kikanasa Nakonde, kikapewa saa ya Zambia, kikarudi nyuma saa nzima. Kurudi nyuma hakukukidhuru. Kiliporudishwa juu ya jokofu kikanasa mtandao wa nyumbani, na hapo kikafanya nilivyokifundisha: kiandike haraka kwenye kadi kwamba kimebadili mtandao. Draiva ikatazama saa, ikaona saa mbili na dakika nne. Ikaiambia kadi, andika. Kadi ikasema, nakuja. Na katikati ya hiyo "nakuja", saa mpya ikaingia. Draiva ikatazama tena: saa tatu na dakika nne! Ikaona imesimamishwa mlangoni saa nzima, nayo imeumbwa kwa hasira zangu. Ikafunga mlango kwa kishindo. Kadi masikini ya Mungu ilichelewa labda nusu ya kupepesa jicho. Hata zile dakika mbili nilizoongeza zisingefua dafu mbele ya saa nzima. Na ile ripoti yangu nadhifu, kwa kupanga mistari upya, ilificha ule mruko, ikaacha pengo linaloanza dakika ileile mama yule anapokinyanyua kiboksi.

Kwa hiyo kosa lake lote lilikuwa usafi.

Dawa yake ilikuwa ndogo kwa namna ya kutia aibu. Ukiinjika maharage huna haja ya kujua ni saa ngapi mjini. Unataka kujua tu yamekaa jikoni muda gani. Ndani ya kiboksi kuna saa nyingine ya hivyo, isiyojua asubuhi wala Zambia, inayohesabu tu sekunde tangu kilipowashwa, na hairuki mbele wala nyuma. Nikabadilisha mistari saba, draiva ikaanza kusubiri kwa hesabu hiyo. Pia nikaifundisha kwamba muda ukiisha kweli isifunge mlango kwanza, iulize kadi, "Bado upo?", na ikijibiwa iendelee na kazi. Ripoti nayo nikaipiga marufuku kupanga mistari.

Tukajaribu mimi na yeye. Alikibeba kwenda dirishani, tunasubiri kiwe Mzambia, anakirudisha, tunasubiri kiwe Mtanzania. Kila mara kadi ikaandika. Mara ya nne akaanza kukisalimia. "Mulishani," anakijulia hali kwa Kibemba dirishani. Huku jokofuni anakiambia, "Pole na safari." Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na nikagundua sijacheka wiki mbili.

Kesho yake tukakaa ofisini kwa mganga mfawidhi, na maofisa wawili kutoka halmashauri. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa kirefu, nikichora. Mmoja wa wale maofisa aliandika kila kitu, kisha akanyanyua kalamu.

"Kwa hiyo aliyezima jokofu ni nani?"

"Hakuna aliyelizima, mheshimiwa. Halikuzimwa hata dakika moja."

"Na aliyekichezea kiboksi?"

"Hakuna."

"Sasa kosa la nani?"

Njia ya kutokea niliiona. Ningeweza kusema mtandao. Ningesema mpaka, kila mtu angeitikia, maana huku kwetu mpaka hubebeshwa mengi na haulalamiki. Nesi alikuwa ananitazama.

"Langu," nikasema. "Draiva niliiandika mimi. Na nilipokuja mara ya kwanza sikukagua draiva, nilimkagua yeye."

Mganga mfawidhi akakuna kidevu. Haikuwa rahisi kwake pia, na sitamsema vibaya. Alikuwa ameamini mashine yangu kwa sababu mimi nilimwambia aiamini. Akamgeukia nesi. "Mama, majibu yako ya ile barua ulishayaandika?"

"Nilishaandika," akasema, akatoa bahasha kwenye mkoba.

Mganga mfawidhi akasoma, akasoma tena, akanisogezea karatasi juu ya meza. Mwandiko uleule wa duara. *Ninakiri kwamba huenda nimekuwa nikizima jokofu au kuharibu kifaa bila kukumbuka, kutokana na umri. Naomba radhi, na nipo tayari kupokea uamuzi wowote.*

Hasira zikanipanda mpaka masikioni, na safari hii hapakuwa na wa kumtolea. "Mama! Mbona ulikiri uongo?"

"Haukuwa uongo, mwanangu. Nilidhani ni kweli." Alisema taratibu, anaivuta ile sentensi ya kwao. "Mimi na kile kiboksi hatujagombana. Kinisingizie kwa lipi? Nikasema, basi ni mimi. Nina miaka hamsini na nane."

Nikamwomba msamaha mbele yao wote, kwa maneno machache. Mganga mfawidhi akaichana ile karatasi vipande vinne, akamwambia barua yake ya kujieleza imefutwa, na kwamba mimi ndiye nitakayeandika ya kwangu. Niliiandika palepale, ukurasa mzima.

Tulitoka pamoja mimi na nesi, tukasimama kwenye varanda. Ilikuwa siku ya kliniki, kina mama na watoto wamejaa kwenye benchi mpaka kwenye ngazi, na ndani nesi kijana anachoma sindano, vilio vinapokezana.

"Sasa niambie ukweli, fundi," akasema. "Jumapili nilitia chumvi mara mbili kwenye maharage. Hiyo nayo ni draiva?"

"Hapana, Mama. Hiyo ni yako."

"Na funguo za nyumba nilizozikuta ndani ya ndoo ya unga?"

"Nazo ni zako."

"Haya," akasema, akacheka. "Hizo nazipokea."

Kisha kicheko kikamwisha. Alikuwa anatazama ndani, kwenye meza ya sindano. "Unajua, tangu ile barua ije sijamchoma mtoto hata mmoja. Nilikuwa najaza kadi tu, sindano namwachia mwenzangu. Niliogopa nisije nikamchoma mtoto mara mbili nisikumbuke."

Hakusubiri nimjibu. Akaenda kwenye bomba, akanawa mikono, vidole, katikati ya vidole, mpaka viwiko, kwa muda mrefu. Akaingia ndani, akamgusa bega nesi kijana, yule akanyanyuka. Akakaa yeye, akalivuta gauni lake likae sawa, akatazama benchi.

"Haya," akasema. "Wa kwanza nani?"